Mashindano ya mashairi na hadithi fupi: namna ya kuingia na namna ya kuamua

Kazi nyingi huanguka shindanoni kabla jaji hajazisoma hata mstari wa pili. Zimezidi urefu, zimebeba jina la mwandishi mahali palipokatazwa, au zimepelekwa kwenye shindano lisilo lake. Yote hayo mshiriki anaweza kuyazuia mwenyewe. Kwa upande mwingine, kazi nzuri huangushwa na majaji waliochoka, au ambao hawakukubaliana tangu mwanzo wanatafuta nini. Pande hizi mbili zafaa kusomwa pamoja, kwani mshiriki anayejua jaji anavyofanya kazi huandaa mswada wake vizuri zaidi.

Anza na masharti

Yasome mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu. Andika pembeni nani anaruhusiwa, urefu unaotakiwa, kama kazi iliyokwisha kuchapishwa inakubalika, hakimiliki inabaki kwa nani, na siku ya mwisho ni lini. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Hutaka maneno 2,000 hadi 5,000, haitozi ada, na mshiriki sharti awe raia wa nchi mwanachama na awe ametimiza miaka 18. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wanaingia. Mrundi na Mkongomani hawaingii, hata kama Kiswahili ndicho walichokulia. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inataka mswada wenye urefu wa kitabu, kwa hiyo hadithi moja au mashairi matano hayafai huko. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu husimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma tangazo la mwaka husika, maana la mwaka jana huweza kukupoteza.

Sharti la “kazi isiyochapishwa” ndilo linalowakwaza wengi. Mashindano mengi huhesabu shairi lililowekwa Facebook au kwenye blogu kuwa limechapishwa. Kufuta chapisho usiku wa kuamkia siku ya mwisho hakusaidii sana, kwa sababu waandaaji hutafuta mstari mmoja wa kazi mtandaoni, na nakala hubaki kwenye kurasa za watu wengine. Kazi unayoipenda kuliko zote iweke kando mpaka matokeo yatoke.

Kifungu cha hakimiliki kichunguze kama unavyochunguza mkataba wa nyumba. Kifungu kizuri kinasema mshindi anawapa waandaaji ruhusa ya kuchapisha kazi yake mara ya kwanza, na haki nyingine zote zinabaki kwake. Kikisema kazi zote zitakazopokelewa, hata zisizoshinda, zitakuwa mali ya waandaaji, achana na shindano hilo. Achana pia na shindano linalotoza ada bila kutaja majaji, kiasi cha zawadi wala tarehe ya matokeo.

Kuhusu saa: tangazo la nje likisema 11:59 za usiku, maana yake ni saa 5:59 usiku kwa hesabu yetu, tena kwa saa za huko liliko. Tuma siku mbili kabla. Siku ya mwisho tovuti huelemewa, na umeme haumsubiri mtu.

Shairi

Ukiandika shairi la arudhi, yaani lenye kanuni za mizani na vina, jaji atahesabu silabi, kwa hiyo hesabu wewe kwanza. Andika kila mshororo ukitenganisha silabi, usiutegemee ulimi peke yake. Chukua mshororo huu, uliokusudiwa kuwa wa mizani 8 kwa 8, yaani silabi 8 kila kipande:

Nimeamka mapema, kwenda shamba kupalilia

Ukwapi, kipande cha kwanza, umetimia: ni-me-a-m-ka-ma-pe-ma. Wanaodhani una 7 wamesahau kuwa “m” ya “amka” husimama peke yake kama silabi. Utao, kipande cha pili, ndio wenye kosa, una 9: kwe-nda-sha-mba-ku-pa-li-li-a. Tiba yake iko ndani ya sarufi yenyewe: “shambani kupalilia” inatoa 8, tena ni Kiswahili safi kuliko kile cha kwanza. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Mshairi dhaifu angekata silabi popote ili hesabu itimie. Inkisari (kufupisha neno) na tabdila (kubadili sauti ya neno) ni uhuru halali wa mshairi, lakini zikijaa kila mshororo jaji anaona mtu aliyezidiwa na bahari (aina ya shairi) aliyoichagua.

Angalia pia “n” ya “nchi” na “m” ya “mtu” (silabi mbili kila neno), na ulinganishe na “ndugu”, ambalo lina mbili tu kwa sababu “nd” hutamkwa pamoja. Maneno kama “labda” na “daktari” yana konsonanti iliyofunga silabi, na washairi hawahesabu namna moja. Katika shairi la shindano, yakwepe kama unaweza.

Vina navyo vina mtego wake. Ubeti wenye vina vya -ka au -ni hutungika upesi mno, na jaji ameshasoma mamia ya hivyo. Kasoro ya kawaida kuliko zote ni neno lililoletwa na kina: mishororo mitatu inazungumzia njaa, wa nne unaingiza “sultani” kwa kuwa tu linaishia na -ni. Ukiondoa neno la kina na maana ya mshororo isitetereke, neno hilo halina kazi. Kibwagizo nacho kipime namna hiyo. Kinarudi kila ubeti, basi kila kinaporudi kiseme zaidi kidogo ya kilivyosema mwanzo.

Shairi huru halina njia ya mkato. Majaji wanauliza kwa nini mstari umekatika pale na si kwingine. Usipokuwa na jibu, ulichoandika ni aya iliyopangwa wimawima.

Na kuna jambo linalowaponza hasa waliolelewa kwenye utamaduni wa mashairi ya magazetini. Tumezoea kutaja jina letu, lakabu au mji wetu kwenye beti za mwisho. Ni desturi nzuri, lakini katika shindano la kazi zisizo na majina ubeti huo unakuengua. Tunga kaditama isiyokutaja.

Hadithi fupi

Kata maneno 300 ya kwanza kisha usome. Mara nyingi hadithi inaanza hapo, na ulichokata kilikuwa ni jua kuchomoza, mtu kuamka, na historia ya kijiji. Kwa maneno 2,500, wahusika watatu au wanne wenye majina wanatosha. Zaidi ya hapo msomaji anaanza kurudi nyuma kuuliza huyu ni nani. Usipitishe miaka ishirini ndani ya kurasa nane. Chagua siku, au usiku mmoja, au ugomvi mmoja, yaliyopita yajitokeze kupitia yanayotendeka.

Miisho miwili imechosha majaji: ile ya kuzinduka na kukuta yote yalikuwa ndoto, na ile ya mwandishi kusimama na kuhubiri kuwa mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ngano ya mdomo inayo nafasi ya funzo mwishoni. Hadithi fupi iliyoandikwa humwachia msomaji alitoe mwenyewe.

Lahaja na lugha ya mtaani ni mali. Zitumie kwenye midomo ya wahusika wanaozisema kweli, na usimpe bibi wa Lamu Kiswahili cha kijana wa Kariakoo.

Kabla ya kutuma, fungua sifa za faili kwenye programu ya kuandikia ufute jina lako. Huhifadhiwa humo bila wewe kujua. Faili lipewe jina la kazi. Herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa. Mashairi ya arudhi yaachie nafasi moja, ubeti usikatike kati ya kurasa mbili.

Kwa waandaaji na majaji

Majaji wawe watatu au watano, na asiwepo jaji anayefundisha au kuhariri kazi za mshiriki. Jina linapofichwa mtindo unaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo jaji akihisi amemjua mwandishi amwambie mratibu, na kazi hiyo isomwe na mwingine. Mratibu, ambaye hasomi kwa ajili ya kutoa alama, ndiye peke yake anayeshika orodha ya majina na namba.

Pigeni hesabu ya muda kwa ukweli. Hadithi 120 za maneno 2,500 ni maneno 300,000. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika hiyo ni saa 25 za kusoma tu, na maelezo mafupi ya dakika tano kwa kila kazi yanaongeza saa 10. Jaji asisome zaidi ya hadithi 15 kwa siku. Baada ya hapo kila kitu huanza kufanana, na hadithi tulivu ndizo zinazoumia kwanza. Kila jaji apangiwe mpangilio tofauti, ili namba 118 isisomwe na wote wakiwa hoi.

Mgawanyo wa alama unaofaa kwa hadithi ni lugha 30, msuko 25, wahusika 20, upya wa fikra 20, usafi wa mswada 5. Kwa ushairi: fikra 30, lugha na taswira 30, umbo 25, muwala (mtiririko wa mawazo) 15. “Umbo” kwa shairi la arudhi ni mizani na vina. Kwa shairi huru ni mdundo na ukataji wa mistari. Mashairi huru yakipimwa kwa arudhi yatashindwa yote, na ugomvi wake hauishi. Amueni mapema pia namna ya kuhesabu “labda”.

Kabla ya kuanza, majaji wote wasome kazi tano zile zile na kulinganisha alama. Tofauti ikipita 15, jadilini mpaka ieleweke imetoka wapi. Kisha, katika mchujo, kila kazi isomwe na watu wawili, na “ndiyo” ya mmoja itoshe kuivusha. Kazi za ajabu kidogo mara chache hupata ndiyo mbili.

Katika raundi ya mwisho msijumlishe alama ghafi. Jaji anayetoa kati ya 30 na 95 atamfunika yule anayetoa kati ya 60 na 70, ingawa wote wamesoma kwa uadilifu. Kila mmoja apange kazi 10 kwa nafasi, ya kwanza ipate pointi 10, ya mwisho 1, kisha jumlisheni. Pointi zikilingana, someni kazi hizo kwa sauti kikaoni kabla ya kupiga kura. Shairi hasa hujieleza likisikika.

Majaji wakisha kutia saini, mratibu afungue majina, ahakikishe sifa za washindi, atafute mistari yao mtandaoni, kisha awapigie simu kabla ya tangazo. Majina ya walio kwenye orodha fupi yatangazwe pia, na kila mmoja wao apewe sentensi mbili au tatu za maoni kutoka kwenye maelezo ya majaji. Maelezo hayo yapo tayari, na mshiriki ameyasubiri kwa miezi.