Namna ya Kuandika Ugumu Uliozidi kwa Kiingereza

Tunaposema kwa Kiswahili kwamba kazi moja ni ngumu kuliko nyingine, neno "ngumu" hubaki lilivyo na mzigo wote hubebwa na "kuliko". Katika Kiingereza sifa yenyewe hugeuka umbo, na hapo ndipo wanafunzi wetu wa Pemba wanapoandika "more harder", kwa kuwa "zaidi" imeshapita kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi. Sifa ya silabi moja huongezewa "er" mwishoni, hivyo "hard" huwa "harder" na "tough" huwa "tougher". Ndefu kama "difficult" hutanguliwa na "more". Wala njia hizo mbili hazichanganywi, ingawa zama za Shakespeare zilichanganywa bila ya mtu kulaumiwa.

Umbo likishapatikana, pima tofauti. "Very" haikai mbele ya "harder". Tofauti ikiwa ndogo andika "slightly", ikiwa kubwa andika "much" au "far". "Even" ina kazi yake peke yake, kwani humjulisha msomaji kwamba hata kile cha kwanza hakikuwa chepesi. Chukua wakulima wa mwani wa Paje, Unguja, wanaolima aina mbili, spinosum na cottonii: "Growing spinosum is hard, growing cottonii is even harder." Spinosum nayo huwatoa jasho kina mama hao, bali cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, hufa upesi maji yanapopata joto. Ukiandika "far harder" umetaja ukubwa wa tofauti, lakini jasho la spinosum hukuligusa.

Ukitumia nomino "challenge", tenga idadi na ukubwa. "More challenges" ni changamoto nyingi zaidi, hata zikiwa ndogo ndogo. Changamoto moja iliyo kubwa zaidi ni "a greater challenge", na kitenzi kinachoizoea ni "pose".

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote, hata katika kazi za walimu wenzangu, ni kulinganisha vitu visivyolingana. Kwa Kiswahili tunaelewana mtu anaposema kwamba kuanika karafuu wakati wa mvua ni kazi ngumu kuliko kiangazi. Mwanafunzi huihamisha sentensi ile ile: "Drying cloves in the rainy season is harder than the dry season." Hapo ameulinganisha uanikaji na msimu, ilhali alikusudia uanikaji na uanikaji. Dawa yake ni neno moja tu, "in": "than in the dry season". Vivyo hivyo, bahari ya Pemba hailinganishwi na mawimbi ya Unguja. Ukianza na "the waves off Pemba", upande wa pili andika "those off Unguja", ambapo "those" hufanya kazi ya "yale". Na "than" huandikwa kwa "a", kwa kuwa "then" ni "kisha".

Mwishowe toa sababu ndani ya sentensi hiyo hiyo, maana "harder" ikiachwa peke yake huwa ni dai tupu: "Rain poses a far greater challenge to clove farmers than heat does, because a single wet afternoon can spoil the cloves already spread on the mats."