Kabla Hujaitwa Kuingia: Mambo ya Kuzingatia kwa Kijana wa Akademi Anayekaribia Kikosi cha Kwanza

Tarehe 25 Februari 2016, pale Old Trafford, Anthony Martial aliumia wakati wa kupasha misuli moto. Manchester United walikuwa wanajiandaa kucheza na Midtjylland ya Denmark kwenye Europa League, na muda wa kuanza ulishakaribia. Kijana wa miaka 18 ambaye alikuwa akae benchi, Marcus Rashford, akaambiwa anaanza yeye. Akafunga mabao mawili, United wakashinda 5-1, na siku tatu baadaye akawafunga Arsenal mengine mawili. Watu wengi wanakumbuka mabao hayo. Mimi nafundisha vijana, na ninachokikumbuka zaidi ni kwamba mtoto yule hakupata hata usiku mmoja wa kulala akijua kesho anaanza.

Mara nyingi siku yenyewe huja hivyo. Beki wa kushoto wa wakubwa anakamata paja, wa akiba wake amefungiwa kwa sababu ya kadi, kocha anageuka na kuangalia benchi, macho yanakutana na yako. Kwa hiyo mdogo wangu, haya nitakayoyasema yafanye kuanzia wiki hii, hata kama jina lako halijawahi kusomwa kwenye orodha ya wakubwa.

Nianze na begi, maana nimeona mtu akipoteza nafasi kwa sababu ya begi. Timu sitaitaja. Dakika ya sabini na ushee kocha anamwita kijana wetu. Kijana anavua treki haraka, anainama kuvuta soksi, mkono unagusa ugoko mtupu. Vikinga ugoko vimebaki chumbani. Mtunza vifaa akakimbia, akakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo yuko upande wa pili wa uwanja. Aliporudi anahema, kocha alishamwingiza mwingine. Kijana alikaa na treki yake magotini mpaka filimbi ya mwisho, na hakuna mtu aliyemgombeza, jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi. Tangu siku hiyo vijana wangu wote wanavaa vikinga ugoko tangu wanapokaa benchi, na nawakagua kwa mkono.

Sheria za vifaa zisome mwenyewe, usimwachie meneja. Pete, hereni, cheni, bangili, hata ile kamba ya ngozi ambayo bibi alikufunga mkononi, vyote vinavuliwa. Kuvifunika kwa tepu hakusaidii, sheria imelikataa hilo waziwazi. Mpe mtu unayemwamini akushikie. Tepu unayofungia soksi iwe na rangi ya soksi, na fulana ya ndani ifanane na rangi ya mikono ya jezi. Ukifika kwenye mstari wa katikati, subiri anayetoka atoke kabisa na mwamuzi akuashirie, ndipo uingie. Ukitangulia ni kadi ya njano kabla hujagusa mpira. Na ukijaliwa kufunga, jezi ibaki mwilini. Kuivua ni njano, hata kama bao lenyewe litakataliwa.

Viatu vipya usivivae siku hiyo. Vivae mazoezini wiki mbili kwanza, kisigino kizoee. Na uwe na pea mbili kama uwezo upo, kwa sababu ligi yetu ya Tanzania ina viwanja vya nyasi bandia kama Kaitaba na Nyamagana, halafu wiki inayofuata unakwenda kucheza kwenye tope la masika. Njumu ndefu za tope zikikanyaga nyasi bandia hung'ang'ania, na goti ndilo linalolipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona vijana wengi hawalifanyii kazi. Wanajiandaa kucheza dakika 90, wakati wengi watapewa tano. Lamine Yamal alipoingia kwa mara ya kwanza Barcelona, Aprili 2023 dhidi ya Betis, alikuwa na miaka 15 na miezi 9, na zilikuwa zimebaki dakika chache mpira uishe. Ethan Nwaneri wa Arsenal aliingia dhidi ya Brentford Septemba 2022 akiwa na miaka 15 na siku 181, wakati tayari zinachezwa dakika za nyongeza. Dakika chache kama hizo ni kazi ya aina yake, na inahitaji mazoezi yake. Ukitoka kukaa, mwili ni wa baridi huku moyo unakwenda mbio, na pumzi inakata dakika tatu za kwanza hata kama uko fiti. Wewe unadhani umechoka, unaogopa, unaanza kujificha nyuma ya mtu.

Kwa hiyo lifanyie mazoezi. Siku moja ya wiki, baada ya kipindi cha akademi, kaa chini nusu saa nzima. Kisha simama, pasha kwa dakika tano kama anavyopasha mtu wa sub, halafu mbio kali sita za mita thelathini, mpira upigwe kwako papo hapo. Rudia wiki hadi wiki. Utaijua ile hali ya pumzi kukata, na utajua kwamba inapita. Siku ya mechi, ukitumwa kupasha nyuma ya goli, pasha kweli. Nawaona vijana wanasimama pale wanatazama mpira mikono kiunoni kama mashabiki.

Kipindi hicho hicho cha benchi ndicho cha kusoma mechi, tena kwa mtu mmoja: yule utakayekutana naye. Anapenda kwenda nje au kuingia ndani? Akikabwa anarudisha mpira au anageuka? Kocha atakupa sentensi tatu tu, tena kwa kupiga kelele. Siku hizi timu ina sub tano lakini nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko, kwa hiyo huenda mkaingia wawili au watatu kwa mkupuo na kocha anawaeleza wote kwa wakati mmoja. Akimaliza, muulize swali moja: "Kwenye kona namkaba nani?" Mpira wa kwanza baada ya sub mara nyingi ni kona au faulo, na nimeona mabao yakiingia kwa sababu aliyetoka alikuwa na mtu wake na aliyeingia hakuambiwa. Bora zaidi ulijue jibu kabla, kwa kwenda kuutazama mpangilio wa mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, wakati wakubwa wanaufanyia mazoezi.

Mguso wa kwanza uwe mwepesi. Pasi ya mita tano kwa mwenzako wa karibu, basi. Ukimkosa mtu kwa chenga dakika ya kwanza, uwanja mzima unakuzomea. Ukipiga pasi tatu salama, wakubwa wanaanza kukupa mpira wenyewe.

Kuhusu wakubwa hao. Sisi tumelelewa kusema shikamoo, na chumbani sema, wasalimie mmoja mmoja, nahodha umwite kaka. Ila ukivuka mstari, adabu inabadilika sura. Mwenzako akifuatwa na mtu nyuma, piga kelele "Mtu!" hata kama ana miaka 33 na alishacheza Taifa Stars. Akiwa huru, "Geuka!" Kunyamaza kwa heshima kunamgharimu mpira, na atakulaumu kwa haki. Na kama ni pale Benjamin Mkapa, uwanja wa watu elfu sitini, sauti yako haifiki mita kumi. Kubalianeni ishara za mikono mapema.

Chakula na usingizi sitavirefusha: kula ulichozoea, saa tatu au nne kabla ya mechi, usijaribu kinywaji cha kuongeza nguvu ulichopewa na rafiki. Ila dawa ni jambo zito. Baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mechi ni kosa la doping, yaani kutumia dawa zilizokatazwa michezoni, na "sikujua" haikuondolei jukumu. Mitishamba nayo hivyohivyo, maana hakuna anayejua kilichochanganywa humo. Usimeze kitu bila daktari wa timu kujua. Na omba upimwe moyo, pamoja na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kabla hujaanza kukimbizana na watu wazima. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, akafariki. Alikuwa na tatizo la moyo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bado nakutana na vijana wanaotokwa jasho kila siku bila kuwahi kuwekewa hata kifaa cha kusikiliza mapigo.

Wazazi, hapa nanyi mnahusika. Siku mtoto akionekana kwenye televisheni, simu zitaita usiku huohuo. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasaini mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Wakala lazima awe na leseni, na hana ruhusa ya kumfuata mtoto bila idhini yenu ya maandishi. Anayemwita kijana hotelini peke yake akiwa na karatasi mkononi, mkimbieni. Hakikisheni pia usajili wake wa tangu miaka 12 umeandikwa sawasawa. Akiuzwa nje siku moja, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na kituo kidogo cha mtaani kisichokuwa kwenye kumbukumbu hakitapata kitu.

Simu yako, kijana, mwachie mtu wa nyumbani tangu asubuhi ya mechi. Baada ya mechi ongea na mama kwanza.

Kisha jiandae kusubiri. Nwaneri baada ya zile dakika zake za Brentford hakucheza tena mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza mpaka Februari 2024, karibu miezi 17. Hakuwa ameharibu kitu, alirudi kulelewa. Jumapili jioni muulize meneja kesho unafanya mazoezi na kundi gani na saa ngapi. Akisema la vijana, osha viatu, uwahi kama kawaida.