Jinsi ya kuanza kuangalia muvi za Mani Ratnam bila kupotea

Wengi wetu tunamjua Mani Ratnam, dairekta wa muvi wa India, ila hatujui kama tunamjua. Ile Chaiyya Chaiyya, Shah Rukh Khan na Malaika Arora wanacheza juu ya treni, ipo kwenye muvi yake ya 1998, Dil Se, na treni ilikuwa inatembea kweli, reli ya milima ya Nilgiri huko kusini mwa India. Anzia hapo hapo, sura unaijua na muziki unaujua, ila usikae ukisubiri harusi mwishoni maana stering kampenda dada aliyetumwa na waasi, we jiandae tu.

Kabla hujaenda mbali, cheki lugha. Jamaa ni wa Madurai, Tamil Nadu, kazaliwa 1956, na kazi zake nyingi ni za Kitamil, so ukikuta Roja au Bombay iliyoingizwa sauti za Kihindi achana nayo, tafuta ya Kitamil yenye sabtaito. Watu wake wanaongea sentensi fupi fupi afu wananyamaza, sasa ukiweka sauti za watu wengine juu yake ule ukimya unaondoka wote. Zilizotafsiriwa na madj nazipenda sana, ila sio kwa huyu mzee.

Sasa rudi nyuma kwenye Mouna Ragam ya 1986. Binti kaolewa kwa shinikizo la familia, kahamishiwa Delhi, mume mpole wa watu anamuuliza nikupe zawadi gani, anajibu talaka. Neno moja tu! Halafu sheria inawataka wakae kwanza mwaka mzima ndo waachane, yani fikiria watu wawili nyumba moja wanahesabu miezi, na muvi nzima inakaa humo ndani na haichoshi hata kidogo.

Ukimaliza hiyo weka Nayakan, 1987, Kamal Haasan kama bosi wa mtaani Bombay. Gazeti la Time liliiweka kwenye orodha yao ya muvi 100 bora za wakati wote mwaka 2005. Angalia mwanga wa mpiga picha wake P. C. Sreeram, nyuso nusu ziko gizani. Na kuna mjukuu wa huyo bosi anamuuliza babu yake wewe mtu mzuri au mbaya, babu anasema hajui, hapo usiwe unachezea simu.

Roja ya 1992 vaa hedfoni, ndo muvi ya kwanza ya mtunzi wa muziki A. R. Rahman, baada ya hapo muziki wa sinema za India ulibadilika. Bombay ya 1995 inahusu ghasia za Wahindu na Waislamu za 1992 na 1993, iliwaudhi watu mpaka Mani akarushiwa mabomu nyumbani kwake Madras. Iruvar ya 1997 ilidoda sokoni lakini kwangu ndo namba moja, Mohanlal na Prakash Raj marafiki wanaogeuka mahasimu wa siasa, na Aishwarya Rai ndo anaanza kuigiza humo. Raavan ya 2010 iruke tu.

Ponniyin Selvan zote mbili, 2022 na 2023, weka mwisho kabisa. Ni wafalme wa Chola, ukoo wa zamani wa kusini mwa India, na ndugu wengi kweli, so chukua karatasi uandike nani mtoto wa nani kabla nusu saa ya kwanza haijaisha.