Usitupe vipande vya mishumaa, yeyusha utengeneze mipya

Huku kwetu Tanga umeme ukikatika usiku mshumaa lazima utoke kabatini, asubuhi kinachobaki ni kale kakipande kamegandia kwenye kisosi na machozi yake pembeni, watu wanakwangua na kisu wanatupa jalalani. Jamani msitupe. Pale kilichoisha ni utambi, nta bado nzima kabisa na unaweza kuiyeyusha na kuigandisha tena na tena na ikawaka vizuri tu.

Weka kopo jikoni uwe unakusanya kidogo kidogo, waambie na majirani wakuwekee, na kama una ndugu anapamba kumbi za harusi basi hapo ndo kwenyewe maana ile mishumaa minene ya mezani inawashwa masaa machache tu sherehe ikiisha inatupwa imebaki nusu. Nyeupe iweke peke yake na ya rangi peke yake, ukichanganya nyekundu na kijani na bluu unapata rangi ya tope.

Sasa kuyeyusha. Hapa nawaomba sana mnisikilize, usiweke nta kwenye sufuria ukaibandika moja kwa moja juu ya moto, hata kama una haraka vipi. Nta ikizidi kupata joto haikuonyeshi dalili kama maji, yenyewe inapanda joto kimya kimya mpaka inaanza kutoa moshi, na ikifika kwenye nyuzi 200 na kitu ule mvuke wake unashika moto. Kwa hiyo chukua sufuria chakavu weka maji kama robo, tumbukiza ndani yake kopo la maziwa ya unga lenye vipande vya nta, chini ya kopo weka kijiti au kifuniko cha chupa cha chuma ili kopo lisikae kwenye kitako cha sufuria. Maji hayavuki nyuzi 100 na nta ya mishumaa mingi (inaitwa parafini) inayeyuka kati ya 50 na 65, yani unakuwa salama na kazi inaenda. Moto uwe wa wastani, maji yasiruke yakaingia kwenye nta, na yakipungua ongeza. Jiko la mkaa au la gesi yote sawa ila watoto wakae mbali na wewe usitoke kwenda kupiga stori barazani.

Ikitokea nta imeshika moto USIMWAGE MAJI, maji yakiingia kwenye nta ya moto yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto juu mpaka usoni. Funika na mfuniko, zima jiko, acha ipoe yenyewe. Weka mfuniko karibu kabla hata hujaanza. Ikikurukia mkononi weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, mambo ya kupaka dawa ya meno achana nayo, na nta iliyoshikana na ngozi usiibandue kwa nguvu.

Ikishayeyuka yote chuja kwa kipande cha khanga chakavu au stokini ili masizi na vipande vya tambi za zamani vibaki juu.

Utambi ndo roho ya mshumaa, wengi wanaosema mishumaa ya kutengeneza nyumbani haiwaki shida yao iko hapa. Lazima uwe uzi wa pamba. Ukinunua kwa wauza nyuzi pale Ngamiani hapa Tanga mjini kata kipande ukichome kwanza, kikijikunja kikawa kigololi cheusi na harufu ya plastiki hiyo ni nailoni rudisha, kikiwaka na kubaki majivu laini na harufu ya karatasi hiyo ni pamba. Tambi za jiko la mchina (lile la mafuta ya taa) zikiwa za pamba pia zinafaa, unachambua nyuzi zake. Katani yetu ya mashambani najua ipo kila kona na ni ya bure ila ni ngumu, haivuti nta kama pamba. Suka nyuzi tatu, chovya kwenye nta, toa, nyoosha ukauke umenyooka. Ukiwasha mshumaa ukaona moto mrefu unatoa moshi mweusi utambi ni mnene, moto ukiwa mdogo unazama kwenye nta basi ni mwembamba, toleo linalofuata unarekebisha.

Chombo cha kumiminia tumia kopo, glasi nene au kifuu cha nazi kilichosuguliwa (kifuu chenyewe kinaungua, kiweke juu ya sahani na uzime kabla nta haijaisha). Chupa ya plastiki hapana. Kujua nta kiasi gani inatosha jaza maji kwenye chombo upime, kila mililita 100 ni kama gramu 90 za nta, kisha kausha chombo kabisa. Funga utambi kwenye kijiti ukae katikati, mimina taratibu. Ikianza kuganda katikati patadidimia maana nta inasinyaa ikipoa, toboa vitundu karibu na utambi umiminie nyingine juu. Usiipeleke friji, inapasuka.

Ukitaka harufu tia mafuta ya karafuu ya Pemba au ya mchaichai, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 100, ukishaepua. Pefyumu ya spiriti usitie, na asumini mbichi pia hapana, ina maji. Mafuta ya taa ndo kabisaa usiongeze.

Kwa joto letu la mwezi wa kwanza na wa pili mishumaa myembamba inapinda, mimi naona ukipata nta ya nyuki kutoka Handeni changanya kidogo, yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ila ongeza unene wa utambi kidogo maana ni nzito. Ihifadhi chini ya kitanda, sio kwenye kabati lililo karibu na bati.

Kopo ukimaliza lifute na gazeti likiwa bado la moto, usimwage nta kwenye sinki itaziba bomba. Lile gazeti lenye nta usilitupe, kesho washia mkaa.