Namna ya Kumwandalia Rafiki Yako Bebi Shawa

Kabla ya kufikiria ukumbi, mapambo au keki, muulize mjamzito mwenyewe kama anaitaka bebi shawa, yaani sherehe ya kumpa zawadi za mtoto anayetarajiwa. Wapo wanawake wasiopenda mtoto aandaliwe vitu kabla hajazaliwa, ama kwa sababu ya imani, ama kwa kuwa waliwahi kupoteza mimba na mioyo yao bado haijatulia. Kwa hao, hafla inaweza kufanyika mtoto akishazaliwa na mama akishapata nafuu, wala haitapungukiwa na kitu. Kwa sababu hiyo sishauri kumshtukiza: siri ibaki kwenye zawadi, lakini siku na orodha ya wageni azijue na aziridhie.

Akikubali, pangeni tarehe kwa kufuata umri wa mimba. Mimba huhesabiwa kuwa ya wiki 40, na mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa kuwa njiti. Kwa hiyo kipindi cha wiki ya 28 hadi ya 34 ndicho kinachofaa zaidi, kwani kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kwa wengi kimekwisha, na mama bado ana nguvu za kukaa na watu. Akiwa na mapacha, ambao mara nyingi hutangulia kuzaliwa, fanyeni mapema zaidi. Wiki zinazobaki baada ya sherehe zina kazi yake: ndizo za kufua nguo za mtoto na kununua kilichokosekana.

Suala la fedha limalizwe mapema. Elezeni mchango utagharimia nini, kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, na mmoja wenu atunze fedha na kutoa hesabu. Mjamzito asichangishwe hata kidogo. Ikiwa miongoni mwa marafiki yupo anayetafuta mtoto kwa muda mrefu, mwandikie ujumbe wake peke yake na umweleze waziwazi kwamba asipofika hakuna atakayemlaumu.

Zawadi ndizo zinazohitaji umakini kuliko jambo lingine lolote, kwa maana bila mpango mama huishia kuwa na mablanketi manane na asiwe na beseni la kumwogeshea mtoto. Mwombe aandike anavyohitaji, kisha kila mgeni achague kimoja na kukitangaza ili mwingine asikirudie. Kitu cha bei kubwa, kama kitanda au kigari, kinunuliwe kwa kuchangiana. Nguo zisiwe zote za mtoto mchanga, kwani hukua haraka na zikambana. Nusu yake ziwe za miezi 3 hadi 12, na nepi vilevile ziwe za saizi mbalimbali. Mito na wanasesere laini wa kuwekwa kitandani, hata wakipendeza namna gani, si zawadi salama, kwa sababu mtoto mchanga anapaswa kulazwa chali juu ya godoro gumu kiasi lisilo na kitu kinachoweza kumziba pumzi. Asali nayo isiwemo kwenye kapu la mtoto, kwa kuwa haruhusiwi kuilamba kabla ya kutimiza mwaka 1.

Siku yenyewe, mkalishe mama kwenye kiti chenye egemeo imara, kisicho cha chini sana hadi ashindwe kuinuka bila kushikwa mkono, na uweke kigoda cha kupumzishia miguu inayovimba. Choo kiwe karibu. Chakula chake kiwe kimeiva vizuri: nyama au samaki wabichi, mayai yasiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na pombe visimfikie, na vyakula vinavyoharibika visikae mezani zaidi ya saa 2.

Ratiba ya muda wa saa 2 au 3 inatosha. Mchezo wa kumpima tumbo kwa kamba mbele za watu mimi ningeuacha, kwa sababu mwili wake umeshasemwa vya kutosha. Badala yake kila mgeni amwandikie maneno machache ya kumtia moyo. Mshereheshaji awaombe wageni, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, wasisimulie habari za kutisha za uchungu na upasuaji. Zawadi zinapofunguliwa, rafiki mmoja akae pembeni yake na daftari, aandike jina la mtoaji na kitu alichotoa kabla karatasi ya pili haijachanwa, maana zikishachanganyika shukrani hazitawafikia wenyewe. Picha zisirushwe mtandaoni mpaka mama aziruhusu.

Wageni wakiondoka, waandaaji wabebe zawadi hadi nyumbani kwake na kuzipanga. Kabla hamjatawanyika, gawaneni pia siku za kumpelekea chakula kilichopikwa katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, kila mmoja na siku yake, na nakala ya orodha hiyo apewe anayeishi naye.