Mpira gani? Kumwandika mpelelezi mwanamke wa Lubumbashi anayemsaka muuaji mwigaji

Hadithi ya muuaji anayemwiga muuaji mwingine inabebwa na swali moja: alijuaje? Siku ya mauaji ya kwanza hakuwepo. Kila anachokiiga kimemfikia kwa macho, kwa karatasi au kwa masikio, na kila njia huiharibu habari kwa namna yake. Kazi ya mpelelezi wako ni kuifuata habari hiyo kinyumenyume mpaka mlangoni kwa mtu.

Kwa hiyo usianze na mwigaji. Anza na muuaji wa kwanza, ambaye tayari amehukumiwa na yuko gereza la Kasapa, na umpe mambo sita aliyoyarudia kwa kila marehemu. Yakiwa matatu msomaji atang'amua upesi mno, yakifika kumi atayasahau. Yagawe hivi. Matatu yanajulikana mji mzima: njia za mkato za mtaa wa Katuba, saa za kufunga soko, na kwamba mikono ilifungwa kwa mpira. Mawili yamo kwenye PV, taarifa rasmi ya polisi, peke yake: mpira huo ni wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa kipande kama vile vya kufungia magunia ya makala (makaa), na ndala za marehemu zilipangwa pamoja kando yake. La sita ni la macho tu, halikuandikwa popote: ndala ya kushoto iliwekwa kulia, na ya kulia kushoto.

Hapo tofautisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya. Kufunga mikono ni mbinu; muuaji huibadilisha akiona inamchelewesha. Kupanga ndala hakumsaidii kitu, anafanya kwa sababu ya haja iliyo ndani yake, na hiyo ndiyo saini. Mwigaji huiga mbinu vizuri kwa sababu mbinu ina maana. Saini huikosea, maana haelewi ni ya nini.

Sasa maiti mpya inapatikana. Mikono imefungwa kwa mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani. Ndala zipo, zimepangwa, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia. Hapa tulia, uandike polepole, kwa sababu hadithi nzima iko kwenye neno hilo moja. Kwa Kiswahili mpira ni wa kuchezea, ni wa baiskeli, ni wa maji. Kwenye PV, iliyoandikwa kwa Kifaransa, iliandikwa «chambre à air», yaani mpira wa ndani wa gurudumu, wala hakuna anayeisoma karatasi hiyo akaenda kutafuta mpira wa maji. Waliofika kwenye maiti ya kwanza nao waliuona kwa macho. Basi mwigaji alisikia. Lakini mtaani kulikuwa na habari ya mpira tu, ya ndala hakukuwa nayo. Ndala zilikuwa kwenye PV. Mtu anayejua ndala na hajui mpira gani alipata wapi habari? Alisikia PV ikisomwa kwa Kiswahili: shahidi hasomi Kifaransa, OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, akamsomea maelezo yake kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba, na «chambre à air» ikatoka mdomoni mwa OPJ ikiwa «mpira». Nyuma ya ukuta wa mbao kuna benchi la kusubiri na chumba cha mahabusu. Mpelelezi wako afungue daftari la mahabusu la siku hiyo, kisha daftari la wageni. Majina yakizidi saba umempa kazi isiyokwisha. Manne au matano yanatosha.

Kosa linaloua hadithi hizi ni kuamini siri ambayo si siri. Uingereza, mwaka 1978 na 1979, polisi waliokuwa wakimtafuta Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake, walipokea barua na kanda ya sauti kutoka kwa mtu aliyejidai ndiye muuaji. Walimwamini, kwani walidhani ametaja jambo ambalo muuaji peke yake angelijua, kumbe lilishatoka magazetini. Wakawa wanawaondoa kwenye orodha washukiwa wasio na lafudhi ya kwenye kanda. Sutcliffe aliua wanawake wengine watatu kabla ya kukamatwa Januari 1981. Mdanganyifu, John Humble, alihukumiwa mwaka 2006, baada ya DNA iliyobaki kwenye bahasha kumfichua. Basi kwa kila jambo unaloliita siri, andika pembeni nani analijua na tangu siku gani.

Mwigaji wa kweli pia yupo kwenye kumbukumbu. Heriberto Seda aliua watu watatu New York kati ya 1990 na 1993 akijiita Zodiac, jina la muuaji wa California wa 1968 na 1969 ambaye hakupatikana kamwe. Alikamatwa 1996 kwa kosa jingine, la kumpiga risasi dada yake. Mpelelezi mmoja akayatambua maandishi na alama alizochora kwenye maelezo yake.

Kuhusu mpelelezi mwenyewe: ni OPJ, anafanya kazi chini ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Raia watamwita Mama Shefu, wazee watamwita mwanangu, naye hatawakatiza. Usimvalishe Amerika. Akimkamata mtu ana saa 48, ndivyo isemavyo katiba ya Kongo, ibara ya 18. Zikiisha amwachie au amkabidhi parke. Saa hizo ndizo mwendo wa sura zako za mwisho. Wakili wa mfungwa wa Kasapa naye atakuja mapema kudai mteja wake aachiliwe, kwa kuwa mauaji yameendelea. Ndiyo maana tofauti ya ndala ina uzito: bila hiyo, Mama Shefu ndiye aliyemfunga asiye na hatia.

Kuwa kwake mwanamke kuonekane kazini. Kwenye matanga wanaume hukaa nje kuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Yeye avue viatu, akae mkekani, alie nao kwanza. Asitoe daftari humo. Huko ndiko atakakosikia nani alitaja mpira, na kwa maneno gani.

Machache ya vitu. Kipande cha mpira kilicholowa kikaushwe kivulini, kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki kinaota ukungu na alama zinaharibika. Saa ya kifo isiwe ya dakika: maiti hukakamaa mapema zaidi kwenye joto la Oktoba kuliko usiku wa baridi wa Juni, kwa hiyo daktari aseme kati ya saa hii na ile.

Kwenye mahojiano, vipande viwili viwe mezani, cha baiskeli na cha maji, juu ya gazeti. Mama Shefu asiulize habari ya kuua. Aulize: «Yule wa kwanza alifungwa na nini?» Mshukiwa aseme: «Na mpira.» «Mpira gani, yaya?» (yaani kaka au dada mkubwa). Mkono uende kwenye wa maji. Hilo pekee halimtii hatiani, wengi mjini wangeonyesha huo huo. Swali la pili ni la ndala: nani alikwambia? Mama Shefu anyamaze hapo, ahesabu pumzi tatu. Kisha kwenye PV aliandike neno «mpira» kama lilivyotamkwa, Kifaransa kifuate nyuma yake, na mshukiwa asaini kila ukurasa.