Kupima saketi kwa multimita ya kwenye kompyuta

Anza na saketi ambayo jibu lake unaweza kulipata kwa kalamu na karatasi. Kwenye Tinkercad, programu ya kuigiza saketi ambayo ni ya bure na hufunguka ndani ya kivinjari (mradi bando lisiishe), weka betri ya 9 V, rezista ya 470 Ω na LED nyekundu (kitaa kidogo), zote kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine. LED nyekundu hula takriban 2 V. Zinazobaki 7 V ni za rezista, kwa hiyo mkondo ni 7 ÷ 470, karibu 15 mA. Usiweke 220 Ω hapo: mkondo utapanda hadi karibu 32 mA na programu itaitia LED alama ya onyo, maana LED ndogo za kawaida huishia 20 mA.

Sasa buruta multimita (mita moja ya kupima volti, mkondo na ukinzani), ibofye, chagua Voltage. Ncha nyekundu iende kwenye mguu wa rezista ulio upande wa chanya ya betri, nyeusi kwenye mguu wa pili. Bonyeza Start Simulation. Ukisoma −7 badala ya 7, umepishanisha ncha tu.

Mkondo haupimwi kwa kugusisha pembeni. Simamisha kwanza, futa waya unaotoka kwenye chanya ya betri kwenda kwenye rezista, mita ikae mahali pa waya huo: nyekundu kwa betri, nyeusi kwa rezista. Badili iwe Amperage. Ukisahau kubadili, LED itazimika, kwa kuwa mita ya volti ina ukinzani mkubwa mno na imeziba njia. Kosa la kinyume ndilo baya zaidi: mita iliyo kwenye Amperage ikiwekwa sambamba na betri (ncha zake mbili kwenye ncha mbili za betri) ni sawa na kuunganisha chanya na hasi kwa waya. Kompyuta itakupa namba ya ajabu au ujumbe wa kosa, basi. Mita ya mkononi itaunguza fyuzi, na kwenye nyingi za bei nafuu tundu la 10 A halina fyuzi kabisa.

Ukinzani upime betri ikiwa imeondolewa na mguu mmoja wa rezista ukiwa huru. Rezista mbili za 1 kΩ zilizo sambamba zitasomeka 500 Ω, na mita haijakosea.

Ukihamia Multisim, programu nyingine ya kuigiza saketi, mita inakuwa na vitufe vya A, V, Ω na dB, na chini yake alama ya wimbi kwa AC (umeme unaobadili mwelekeo) na mstari mnyoofu kwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Hakikisha saketi ina alama ya ardhi, la sivyo programu haina mahali pa kuhesabia volti. Kisha bofya Set. Hapo utakuta mita ya volti imepewa ukinzani wa 1 GΩ na ya mkondo 1 nΩ. Hakuna mita ya dukani iliyo hivyo, na tofauti hiyo huonekana kwenye saketi zenye rezista kubwa. Chukua rezista mbili za 1 MΩ kwa mfululizo kwenye 9 V, upime moja. Mita ya programu itasema 4.5 V. Mita nzuri yenye 10 MΩ itasema karibu 4.29 V. Ile ndogo ya DT830, yenye 1 MΩ tu, itasema 3 V, kwa sababu imejigeuza rezista ya tatu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kazi ya kompyuta na kazi ya mezani, andika kwenye Set ukinzani wa mita utakayoishika mkononi. Wengi hulaumu rezista bure.

Kwenye AC mtego uko kwenye chanzo kuliko kwenye mita. Umeme wetu Uganda ni 240 V, 50 Hz, na hiyo 240 ni RMS, yaani volti ya DC ambayo ingetoa joto sawa. Kilele chake ni karibu 339 V. Chanzo cha Multisim kiitwacho AC_POWER hupokea RMS, lakini AC_VOLTAGE hupokea kilele, sawa na VSINE ya Proteus, programu nyingine ya aina hii. Ukiandika 240 kwenye cha kilele, mita itasoma karibu 170 V. Angalia pia masafa: AC_POWER huja na 120 V na 60 Hz za Marekani.

Jaribu kwa chaja ndogo: AC_POWER ya 12 V, 50 Hz, daraja la diodi nne (linalogeuza AC kuwa DC), kapasita ya 1000 µF (inayolainisha volti) na rezista ya 150 Ω kama mzigo. Alama ya ardhi iwe upande wa hasi ya DC peke yake. Ukiiweka na kwenye chanzo cha AC, umeruka diodi moja ya daraja, na diodi jirani yake itapitisha mkondo usio na kizuizi. Mita ikiwa DC bila kapasita itasoma wastani, takriban 9.5 V, ukiweka kapasita inapanda hadi karibu 15 V. Usiitoe mita hapo, ibadilishe iwe AC. Multisim huondoa sehemu ya DC, na kinachobaki ni mtikisiko wa volti, kiasi cha robo volti. Ukiacha 60 Hz mtikisiko huo utaonekana mdogo kwa karibu moja ya sita, nawe utanunua kapasita isiyotosha kwa umeme wa hapa.